Chipu Iliyolazwa Mapema

Haya aliniambia mjukuu wangu, yule tunayemwita Kidoti, wiki aliyokuja kunikata kucha za miguu, baba yake akiwa ameshatoka hospitali. Kabla ya hapo mimi niliambiwa mwanangu ana kikohozi tu. Basi nikae na kikohozi chao.

Kidoti kazi yake ni kuandika programu za kuendesha vitu vidogo. Ofisini kwao walikuwa wanatengeneza kikuku cha mgonjwa, kinachopima mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye skrini ya nesi. Lakini siri ya mgonjwa haianikwi kama nguo kwenye kamba. Ndani ya kikuku mna chipu, ndogo kuliko punje ya mchele, kazi yake kufunga kila kipimo kwa ufunguo, yaani namba ya siri, kabla hakijatoka. Na chipu hiyo inakula betri kama mchwa. Mkuu wa ofisi, waliyempachika jina Bwana Chaji, alishawaahidi watu wa hospitali kwamba kikuku kitakaa siku tisa bila kuchajiwa. Kidoti akaiandikia programu iilaze chipu kila inapomaliza kazi, hapo hapo, bila kungoja. Siku tisa zikapatikana. Akapigiwa makofi. Vikuku vikaenda wodini kwa majaribio, na kimoja akavishwa baba yake mwenyewe, aliyelazwa kwa moyo wenye tabia ya kupunguza mapigo ghafla.

Jumanne saa nne asubuhi Kidoti alikuwa anasoma kumbukumbu za kikuku kimoja kilichorudishwa kubadilishwa mkanda. Chai imeshapoa pembeni. Akaona mstari: kipimo kimetupwa. Akashuka mistari ya chini. Kimetupwa. Kimetupwa.

Alielewa palepale, na hapo ndipo hofu ilipomwingia. Chipu ikilala inasahau ufunguo. Ikiamka lazima ipewe tena, na inataka kitambo kidogo. Programu yake ilikuwa inaitwika kazi kabla ufunguo haujaingia. Chipu inakataa, programu inajaribu mara tatu, kisha inakitupa kipimo kimyakimya. Kwenye majaribio ya mezani kwake kosa halikuonekana. Alipopima kasi alimimina vipimo mfululizo, chipu haikupata nafasi ya kulala. Alipopima betri hakutuma kipimo hata kimoja. Hapo katikati, kwa mgonjwa aliyetulia anayetuma kipimo kila baada ya dakika moja, hakuwahi kupajaribu. Na skrini ya nesi, isipopata kipimo kipya, inabaki na kile cha zamani, kijani.

Akapiga simu wodini.

"Dada nesi, baba yangu, kitanda cha sita, anaendeleaje?"

"Mzee wetu? Mzima! Namwona hapa, sabini na mbili, kijani kabisa."

"Usiangalie skrini. Nenda ukamshike mkono."

"Jamani! Si wewe uliyekuja kutufundisha tuiamini?"

"Ni mimi. Nenda, dada yangu, nakuomba. Usikate simu."

Simu ikawekwa mezani. Kidoti akasikia viatu vikienda, kisha pazia likivutwa. Akaanza kuhesabu vigae vya sakafu, asijue anahesabu nini. Halafu kwa mbali, sauti ya nesi, si ile ya mwanzo: "Daktari! Kitanda cha sita!" Na magurudumu yakikimbia.

Hakuna aliyerudi kwenye simu. Bwana Chaji akamkuta amesimama, ameibana sikioni.

"Kulikoni? Mbona umekuwa rangi ya majivu?"

"Vikuku vyote vivuliwe, bosi. Vinadanganya."

"Vivuliwe! Na siku tisa nilizoahidi?"

"Siku tisa nilikupa mimi. Nilizipata kwa kutupa vipimo vya watu. Baba yangu ni mmoja wao."

Bwana Chaji akatoa simu yake mfukoni, akampigia mganga mkuu wa hospitali.

Ndipo nesi aliporudi, anahema. "Upo? Mapigo yalishuka mpaka thelathini na nne. Amechomwa sindano, amerudi. Anauliza nani kamkatizia usingizi." Akaongeza: "Skrini bado inasema sabini na mbili."

Siku mbili Kidoti hakulala. Aliandika upya: ufunguo uingie kwanza, kazi baadaye, chipu isilale mpaka ikae sekunde mbili bila kuitwa, na kipimo kikichelewa, skrini ipige kelele. Safari hii alijaribu na pale katikati, saa kwa saa. Betri, kwa hesabu, ikafika siku sita. Bwana Chaji akasema sita zinatosha.

Alhamisi mchana akakipeleka mwenyewe kikuku kilichorekebishwa, akamvisha baba yake.

"Hiki nacho kinasinzia?" baba yake akauliza.

"Kinasinzia, baba. Ila kinaamka na ufunguo mkononi."

"Afadhali. Mimi nikiamka sioni hata miwani yangu." Akageukia ukutani, na haikuchukua muda akapitiwa na usingizi.

Kidoti akakitazama kifua cha baba yake. Akatazama skrini: sitini na nane. Akaweka kidole kwenye mshipa wa mkono, akahesabu dakika nzima. Sitini na nane. Hakuamini. Skrini ikasema sitini na sita. Akahesabu tena, sitini na sita.

"Utamhesabu mpaka lini, wewe?" nesi akanong'ona, akivuta pazia kuzuia jua.

"Kidogo tu, dada."

Akaanza tena. Alipofika arobaini na ngapi sijui, hesabu ikampotea, akarudia moja, mbili, tatu. Kichwa kikaegemea ukingo wa kitanda, kidole bado kiko juu ya mshipa, naye akalala.