Msikilizaji wa Ubao

Umewahi kuvuta kamba ambayo ncha yake ya pili inatembea mahali usipopaona, na ukawa huna wa kukuambia imefika wapi?

Hapa kwetu, ufukwe wa kaskazini wa ziwa, kiangazi mtu anaweza kuvua peke yake. Nimevua hivyo tangu Cyprien, mume wangu, afariki kwa ugonjwa wa kifua. Asubuhi nasukuma boti, nawasha mashine kwa ile kamba yake ngumu, nafuata maboya. Wavu nauinua kwa upande wa kushoto, maana bega la kulia linauma, na samaki weupe nawatoa mmoja mmoja, nikiwasukuma kichwa kwa kidole gumba ili matundu yasikatike. Mbwa wangu, Sarjenti, anakaa mbele ya boti akijifanya nahodha. Nikirudi napasua samaki, nawaning'iniza kibandani juu ya moshi wa kuni mbichi, kisha nakaa mlangoni na fimbo ya kufukuzia kunguru.

Jua la miezi hiyo halizami sawasawa. Linachungulia tu nyuma ya visiwa, kama mtu aliyesahau kitu, halafu linarudi. Unajikuta umeteleka chai hujui ni ya asubuhi au ya jioni, na hakuna wa kumuuliza. Mimi nilizoea kusema kwa sauti, maji yamechemka, kisha nanyamaza kidogo kana kwamba kuna mtu anavaa viatu chumbani, anakuja.

Lakini ziwa likiganda, mtu mmoja hatoshi. Wala si suala la nguvu. Ili wavu ukae chini ya barafu, lazima kwanza kamba ipite huko chini kutoka tundu moja hadi jingine, na anayeipeleka ni ubao. Ni ubao mrefu kuliko mtu, una mwanya katikati na mkono wa chuma. Unauingiza kwenye tundu la kwanza, nao unaelea ukijibana na barafu kwa chini. Ukivuta kamba, ule mkono unakwangua barafu na kuusukuma ubao mbele kidogo. Ukilegeza, mkono unarudi. Vuta, legeza. Na kila ukivuta, unasikika mlio mmoja kule chini: ko.

Basi mvutaji anabaki tunduni, na mwenzake anatembea juu ya barafu akiufuata ule mlio, kichwa kimeinama kama anayetafuta sindano. Kamba ikishatosha urefu wa wavu, anasimama pale pale mlio ulipo, anatoboa, anainasa kamba kwa kulabu. Ubao haugongi mpaka uvutwe. Ukiacha kamba ukaenda kusikiliza, ubao umenyamaza. Ndiyo maana nasema si suala la nguvu.

Zamani mimi nilivuta, Cyprien akasikiliza. Alipofariki, mdogo wake Anselme alikuja mwenyewe ziwa lilipoganda. Hakuna aliyemwita. Niliona tu pikipiki yake ya theluji imesimama nje, naye anateremsha mtaimbo. Anselme hakuoa. Ni mtu wa maneno machache, ana ndevu zinazoshika barafu mpaka zinalia akicheka. Alijijengea kibanda nyuma ya kibanda changu cha moshi, akawa analala huko na kula mezani kwangu, supu ya vichwa vya samaki na mkate wa kikaangoni. Ziwa likikaribia kufunguka, anaondoka kwenda kijijini. Ikawa hivyo kila mwaka.

Mwaka jana, mwezi wa nne, theluji ilipoanza kuloa, alikuwa anafunga mizigo yake kwenye sleji, kile kitoroli kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji. Akasema bila kuniangalia, "Shemeji, mwaka ujao utafute masikio mengine. Haya yamezeeka."

"Nitatafuta," nikamjibu. "Masikio hayakosekani."

Akacheka kidogo, nami nikacheka kidogo, akaondoka. Nilibaki nikiangalia alama za sleji mpaka maji yakaanza kujaa ndani yake.

Binti yangu Odile alikuja kiangazi hicho kunitazama. Anaishi mjini, upande wa pili wa ziwa, na alikuwa ameshaniandalia chumba chenye mapazia na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Aliishika mikono yangu, akaigeuza kama anayekagua samaki sokoni. Akalalamika kwamba huku naongea na mbwa. Nikamwambia mbwa habishi. Hakucheka. Akalia kidogo, na Odile si mtu wa kulia, kwa hiyo tukapatana. Nikishindwa kutandika nyavu zangu za barafuni, nitafunga nyumba niende kwake. Nikiweza, asiniulize tena mpaka mwaka mwingine. Sikumwambia kwamba masikio sikuwa nimeyatafuta.

Ziwa likaganda. Barafu ya kwanza ni nyeusi, safi kama kioo, unaona mpaka mawe chini. Nilikaa nikiangalia njia ya kijijini. Nilipika mkate mkubwa, ukakauka, nikampa Sarjenti. Siku zikaenda, njia ikabaki nyeupe vile vile.

Basi nikaanza mwenyewe. Ubao wetu Cyprien aliupaka rangi ya machungwa, na kwenye barafu safi rangi hiyo inaonekana kutoka juu. Nikavuta, nikaenda kuangalia, nikarudi nikavuta tena. Ilinichukua mchana mzima, na wavu wa kwanza ukaingia. Nilirudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi. Wavu mmoja unamlisha mwanamke na mbwa wake, lakini haumalizi msimu. Nilihitaji angalau tatu, na nilijiambia kesho naingiza wa pili.

Usiku ule theluji ikaanguka. Haikuacha kwa siku mbili, nzito, ya kuloa, ikaikandamiza barafu mpaka maji yakapanda juu na kuganda tena meupe kama maziwa. Nikafagia, nikakwangua kwa koleo, nikapiga magoti nikachungulia. Hakuna kitu. Ingekuwa sawa na kuchungulia ukutani.

Nikaingiza ubao hivyo hivyo. Nilivuta, nikaenda kulaza sikio kwenye barafu. Kimya, bila shaka. Nani angekuwa anavuta? Nikamfunga Sarjenti kwenye ile kamba, nikasogea mbele na kumwita ili akivuta nisikie. Akakaa. Nikambembeleza kwa kichwa cha samaki, akajilaza kabisa na kukunja mkia juu ya pua. Nikatoboa mahali nilipodhani. Nikatoboa pembeni yake. Mpaka giza linaingia nilikuwa nimetoboa mashimo mengi kama ukurutu, na kamba bado iko mkononi mwangu, imekaza, inaelekea nisikokujua.

Niliifunga kwenye gogo kando ya tundu nikaondoka. Nilijua barafu inaongezeka unene kila siku, na ubao ukikaa pale chini bila kutikiswa, barafu inaukumbatia. Kesho au kesho kutwa ningekuwa sina ubao wala nyavu, na ahadi kwa Odile ningelazimika kuitimiza.

Jioni ilikuwa saa ya redio. Kambi zote za ziwa hili zina redio, na jioni kila mtu anawasha na kusema habari zake: barafu, upepo, nani ana homa. Anachosema mmoja wanasikia wote, kutoka mdomo wa mto mpaka visiwani. Mimi kwa miaka hii yote nilikuwa nikisema maneno mawili, kwangu salama, kisha nasikiliza wengine.

Fabien wa visiwani, ambaye hajawahi kuachia mtu apite bila kumchokoza, akaniuliza nimeingiza nyavu ngapi. Nikasema mmoja.

"Mmoja tu, Mama Odile? Hizo nyingine umeamua kuwasamehe samaki?"

Watu wakacheka, kila mmoja kwenye kambi yake, unasikia mikwaruzo tu. Halafu mtu wa kijijini akatoa habari zao, na katikati akataja kwamba Anselme ameshamaliza kupasua kuni za kanisa na sasa anapasua za majirani, sijui atapasua nini baadaye. Kumbe yupo. Mzima, shoka mkononi, hana kazi.

Nilikishika kile kidude cha kusemea. Nilikuwa nimekusudia kumwomba mtu wa kijijini ampelekee Odile ujumbe kwamba aje kunichukua. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Nikabonyeza, na kwa muda ziwa zima likawa linasikiliza pumzi zangu na jiko langu likilia.

"Anselme," nikasema, "kama unasikia. Ubao wangu uko chini ya barafu, sijui uko wapi. Nakuomba uje unisikilizie."

Nikaachia. Hakuna aliyejibu. Nilingoja, nikangoja, mwishowe mwanamke mmoja wa mdomo wa mto akaanza kueleza upepo wa kwao kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Nikazima. Nikatoa begi chini ya kitanda, nikaweka magauni mawili na picha ya Cyprien. Kisha nikakaa juu ya kitanda kando ya begi, nikawaza lile dirisha la maegesho ya magari, na jinsi ya kumzuia Sarjenti asibwekee kila gari.

Kesho yake mchana, Sarjenti ndiye aliyesikia kwanza. Nilipofika nje, pikipiki ilikuwa imeshapita nyumba bila kusimama, inaelekea moja kwa moja kwenye gogo langu. Nilimkuta Anselme amesimama katikati ya mashimo yangu. Akayaangalia yote, moja moja, kwa heshima.

"Shemeji, ulikuwa unapanda viazi?"

Nikamwambia ashike adabu. Akafungua kamba, akanipa, akasukuma kofia yake nyuma mpaka masikio yote mawili yakawa nje kwenye baridi ile, mekundu.

"Vuta," akasema.

Nikavuta. Haikusogea. Nikavuta tena kwa mgongo, bega likalia, na kule chini kitu kikang'oka. Ko. Sikuusikia mimi, niliuona usoni mwake. Akageuka, akaanza kutembea, si mbele nilikotoboa mimi, bali kushoto kabisa, kuelekea miamba ya ufukweni. Ubao ulikuwa umepotoka njia tangu mwanzo. Vuta, legeza. Aliinama zaidi na zaidi, akapiga magoti, akalaza shavu kwenye barafu, akainua mkono. Hapo hapo akapiga mtaimbo, na vipande vikaruka, na baada ya muda kitu cha rangi ya machungwa kikachomoza kutoka tunduni kama ulimi.

Tukauingiza upya, kwa mstari mzuri. Nilivuta, yeye akatembea. Alipoinasa kamba upande wa pili, ikawa zamu yake kuvuta, nami nikawa nauachia wavu uingie majini, nikinyoosha maboya yasijifunge. Kwa umbali ule hatukuwa na haja ya kupaza sauti. Barafu inabeba maneno. Wavu ulipokaa, nikatembea kwenda kwake kumsaidia kufunga ncha. Nilimwambia masikio yake hayana uzee wowote, aache uongo.

Alikuwa amepiga magoti, vidole viko uchi kwenye fundo. Hakuniangalia.

"Masikio ni mazima," akasema. "Miaka yote nimekuja mwenyewe, shemeji. Nakuja, nakula, naondoka, kama hali ya hewa. Lile neno la mwezi wa nne nilikutupia nione kama utalikataa. Ukasema utatafuta mengine." Akakaza fundo. "Nilitaka kuitwa. Mara moja tu."

Nikamwambia jana ameitwa, na ziwa zima ni shahidi. Akasema amesikia, na kijiji chote kimekuja mlangoni kwake kumwuliza kama amesikia, wengine na koti lake mkononi. Ndevu zake zikalia. Kisha akasema atakaa mpaka mwezi wa nne kama kawaida, tutaingiza na wa tatu, na Odile nimwambie asihangaike.

Ningeweza kuishia hapo. Nyavu nilikuwa nazo, nyumba ilikuwa yangu. Nilichukua kulabu, nikaanza kukusanya kamba, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka kamba ikaisha.

"Kiangazi naweza kuvua peke yangu," nikamwambia. "Naweza, kila mtu anajua. Lakini mwezi wa nne, ulipokuwa unafunga ile sleji, mimi nilitaka ubaki."