Chupa ya Kwanza

Wageni wa Beya walianza kuja asubuhi, umande haujakauka kwenye maua ya midanzi, ile michungwa michungu. Wasila aliwafungulia mlango mmoja mmoja, akapokea mifuko yao ya keki na maziwa, akawaonyesha chumba alicholala wifi yake, halafu akarudi jikoni kupika kahawa. Kila aliyeingia alimbusu mashavuni na kumuuliza mgonjwa anaendeleaje. Hakuna aliyeuliza mgonjwa yupi.

Kwa hesabu ya Wasila nyumba ile ilikuwa na wagonjwa wawili.

Beya, dada wa Munsif, mume wa Wasila, alikuwa mjane aliyerudi kwao. Majira ya baridi yaliyopita alianguka sokoni mjini kwao Nabeul, akiwa ameshika kabichi, na hospitali wakagundua kwamba vali moja ya moyo wake haifungi vizuri. Maua yakikaribia kwisha angepelekwa Tunis kupasuliwa. Tangu alipoanguka hakuinua hata sufuria. Aliegemezwa mito, akaletewa supu, akafunikwa miguu hata jua likiwaka. Mgonjwa haulizwi uji, wahenga walisema, lakini walimsema mgonjwa anayejulikana.

Wasila yeye hakujulikana. Moyo wake ulimpiga kwa nguvu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Ulikuwa ukianza akiwa anamenya vitunguu au anafunga viatu, bila sababu yoyote: ganzi vidoleni, kisha donge kooni, kisha moyo unadunda kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Akisujudu aliusikia ukipiga mkeka. Alikwenda kupimwa mara nyingi mpaka wauguzi wakamzoea, wakambandika nyaya kifuani, na kila mara karatasi ikatoka safi. Moyo mzima, walimwambia, kama wa msichana. Munsif alishukuru Mungu kwa sauti, na alishukuru kwa dhati, lakini kuanzia hapo kila mkewe alipojishika kifua alimjibu kwamba jambo hilo walishaambiwa.

Daktari mmoja tu, mwanamke kijana wa zahanati ya mtaani, ndiye aliyekaa naye. Alimweleza kwamba ule ni wasiwasi uliohamia mwilini. Kwamba hasemi uongo wala hana wazimu. Mwili wake unapiga kelele za mwizi na mwizi hayupo. Alimfundisha kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko anayoingiza. Alimkataza kujishika mkono na kuhesabu mapigo, akamkataza pia kukimbia kazi kila yanapoanza. Auache moyo ugonge mpaka uchoke wenyewe. Wasila alitoka pale amekasirika. Alikuwa amefuata dawa, akapewa kupumua. Hata kuku anapumua.

Kitu kimoja tu nyumbani kilimpa heshima ya mgonjwa, nacho kilikuwa chupa ya kwanza.

Kila majira ya maua, mama mkwe wake, Mama Shadlia, alitoa mtungi wa shaba uliokuwa wa bibi yake, na uani wakakeneka kwa mvuke maji ya maua ya mdanzi kwa ajili ya mwaka mzima: ya kahawa, ya vitumbua, ya kumpangusia anayezirai. Yanayotoka mwanzo huitwa maji ya kichwa, ni makali na yana mafuta juu. Yanayofuata ni ya kati. Ya mwisho, maua yakishachoka, ni maji ya mkia, ambayo watu huyatia kwenye unga tu. Desturi ya Mama Shadlia ilikuwa kwamba chupa ya kwanza ya maji ya kichwa ni ya mwenye moyo dhaifu. Tangu Wasila alipoletwa bibi harusi, akatetemeka siku saba mfululizo, chupa hiyo ilikuwa yake. Haikumponya hata siku moja. Lakini iliwekwa rafuni juu ya kitanda chake, na wageni wakiiona walijua.

Asubuhi hiyo, akiwa na sinia la kahawa mikononi, alimsikia Mama Shadlia akiwatangazia wageni kwamba kesho mtungi unawashwa, na chupa ya kwanza mwaka huu ni ya Beya. Wanawake wakaitikia kwamba ndiyo haki, maskini, ana haki yake. Beya alitabasamu toka mitoni. Wasila akaweka vikombe bila kumwaga hata tone, akarudi jikoni, akashika ukingo wa sinki.

Alijua jina la kitu kilichomshika. Alimwomba Mungu amwondolee husuda kabla haijala mema yake yote, na aliomba kwa machozi, lakini akiinua kichwa kutoka kwenye mkeka alisikia kule chumbani wanacheka, wanamwambia Beya asihangaike, alale, ajifunike, na husuda ikarudi imeshiba. Alichoonea wivu si supu wala mito. Aliionea wivu ile vali. Ilikuwa na jina, ilionekana kwenye picha, mtu aliweza kuiwekea kidole. Yeye angempa Beya mapigo yake yote ya miaka yote apewe kipande kimoja tu cha karatasi chenye mstari uliopinda.

Kesho yake yeye ndiye aliyekaa kuusimamia mtungi, maana magoti ya Mama Shadlia hayakuweza tena. Alipanga maua, akatia maji, akawasha moto mdogo, na kila maji ya baridi kwenye bakuli la juu, linalopoza mvuke, yalipopata joto aliyateka na kutia mengine. Mrija wa mtungi ukaanza kudondosha. Chupa ya kwanza ilipojaa, harufu yake ilimkata pumzi. Aliiziba, akaificha chini ya magunia. Jioni, yalipobaki maji ya mkia tu, alijaza chupa nyingine inayofanana nayo, akaifunga utepe mweupe kama desturi, akampelekea wifi yake.

Usiku huo alikunywa maji ya kichwa kwa kijiko, akasubiri. Moyo ulidunda kama kawaida yake. Akaongeza kijiko. Ukadunda.

Asubuhi Beya alitoka chumbani na uso umenawiri, akamwambia mama yake mbele ya majirani kwamba amelala kama mtoto, maji ya mwaka huu yana baraka. Wasila alikuwa amesimama mlangoni na tambara la kufutia. Hata mkia, aliwaza. Mwenzangu hata mkia unamtibu. Wivu ulimkaba mpaka akaona nyota, akalazimika kwenda kusimama chooni, mlango umefungwa, mkono mmoja umeshika mwingine kwenye kifundo, anahesabu.

Siku mbili kabla ya safari ya Tunis, Wasila alikuwa uani na mzigo wa mwisho wa maua yao. Beya akaja amejifunga blanketi, akavuta kigoda, akakaa karibu na moto.

"Wifi, nikuulize kitu usinicheke. Ile yako huwa inaanzaje?"

"Ipi yangu?"

"Tusichoshane. Ile inayokufanya uache mboga motoni ukajifungie chooni."

Wasila alikaribia kuangusha kata. Miaka yote aliamini hakuna aliyeona. Alijibu kwa mkato kwamba huanza vidoleni, ganzi, kama wadudu chungu wanatembea, halafu koo, halafu moyo.

Beya alitoa mikono yake kwenye blanketi, akaiweka wazi juu ya magoti. Ilikuwa inatetemeka.

"Basi na mimi nimeipata. Tangu waliponitajia siku ya kupasuliwa. Nilimpigia daktari wangu nikafikiri ndiyo nakufa, ananiambia hiyo siyo vali, mama, hiyo ni hofu. Na kweli siyo. Vali yangu inachechemea. Hii inagonga."

Mungu amsamehe Wasila, maana neno la kwanza lililomjia moyoni halikuwa pole. Lilikuwa: hata hii? Wageni amewachukua, mito amechukua, chupa amechukua, na sasa anakuja kuchukua na huu ugonjwa mnyonge ambao Wasila ameubeba peke yake miaka yote bila shahidi. Tena akiutaja Beya, wataamini leo hii hii kabla kahawa haijapoa.

"Kunywa maji yako ya kichwa," alisema. "Si ndiyo dawa?"

"Yapi? Yale ya mkia uliyonipa?"

Maji yakaendelea kudondoka.

"Mimi nimezaliwa uani hapa, wifi," Beya alisema, wala hakuonyesha hasira. "Haya maji nimeyanywa kabla sijajua mkate. Ulifikiri utepe mweupe utanifumba pua?"

"Mbona ulisema yamekulaza?"

"Ningesema nini? Mama angekutafuna mbele ya wale majirani mpaka abakize viatu. Halafu ulivyokuwa unanitazama kifua changu, nikajua huyu anayataka kuliko mimi. Yamekusaidia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Beya alifikiri. "Basi bibi yetu alitudanganya wote, na mtungi wake," alisema, na Wasila, ambaye alikuwa amejiandaa kulia, akajikuta anacheka kwa pua.

Kisha Beya akamwambia alichojia. Munsif aliwahi kuwasimulia, kama mzaha, kwamba kuna daktari alimfundisha mkewe kupumua. Alitaka afundishwe na yeye. Kule Tunis angelala peke yake usiku wa kwanza, na hakutaka kitu kile kimkute kule bila silaha.

Wasila aliona aibu kuliko ya chupa, kwa kuwa lile somo hakuwahi kulifanya sawasawa. Alilijaribu kama mtu anayeonja chakula cha nyumba asiyoipenda, kwa ncha ya ulimi, kisha akasema halina chumvi. Sasa ilimbidi alikumbuke lote. Akamwambia Beya avute hewa kidogo tu, kwa pua, halafu aitoe polepole, polepole, kama anayepoza supu ya mtoto na hataki imwagike. Asiharakishe kuvuta nyingine. Moyo ukigonga auache, asiufungulie, asiukemee.

"Na nisiposikia nafuu?"

"Usitafute nafuu. Toa tu."

Mkono wa Beya ukaenda wenyewe kwenye kifundo cha mwingine. Wasila aliupiga kofi jepesi. "Usihesabu."

"Na wewe je?" Beya alimwonyesha kwa kidevu. Wasila akatazama chini, akakuta vidole vyake viko kwenye kifundo chake. Akaviondoa. Walikaa hivyo, wanawake wawili wanapuliza supu isiyokuwepo, na kila baada ya muda mmoja wao aliinuka kubadilisha maji ya bakuli, naye alikuwa Wasila, kwa sababu Beya hakuruhusiwa kunyanyua kitu. Hilo nalo lilimchoma kidogo.

Siku ya upasuaji Munsif alikuwa Tunis na dada yake. Mama Shadlia alibaki kwenye mkeka wa sala tangu alfajiri. Wasila aliwasha mtungi, maana jirani alikuwa ameleta maua na maua hayasubiri habari. Moto haujakolea vizuri, wale chungu wakaanza kutembea vidoleni.

Mapigo yalikuja makubwa kuliko siku zote. Koo lilifunga. Uani kukawa kama kuko mbali, rangi za vitu zikafifia, moyo ukagonga mpaka akausikia masikioni. Miguu ilimwambia akimbilie chooni. Lakini bakuli la juu lilikuwa linapata joto, na akiondoka mvuke hautakuwa na pa kupoa, maua yataungua. Akabaki. Ee Mola, alisema, kama huuondoi ugonjwa huu, basi niwezeshe kukaa nao. Alitoa pumzi. Alivuta kidogo, akatoa tena. Aliteka maji ya moto, mengine yakamwagikia viatu, akatia ya baridi. Hakupata nafuu. Aliendelea kutoa. Alimwona Beya amelala juu ya kitanda cheupe, madaktari wamemzunguka, jina lake limeandikwa kwenye mkono, na hata pale, Mungu ni shahidi, palikuwa na punje ya wivu. Aliiacha nayo igonge.

Hakujua ni wakati gani ulipungua. Alipokumbuka kuusikiliza, moyo ulikuwa unapiga kama wa mtu aliyepanda ngazi.

Adhuhuri simu ikalia. Munsif alisema wamemaliza, salama, amefungua macho, na kwamba Beya ametuma neno lisiloeleweka: mwambieni Wasila natoa. Mama Shadlia alikuja uani na simu mkononi, analia na kushukuru, akauliza anatoa nini huyo mtoto, sadaka?

Wasila alimweleza. Alianza na pumzi, lakini maneno yalivutana, akajikuta anaeleza chungu, na donge, na choo, na ile chupa aliyoibadilisha. Alitarajia kutafunwa. Mama mkwe wake alisikiliza, macho kwenye viatu vilivyolowa.

"Na sasa hivi moyo unagonga?"

"Unagonga, mama. Umerudi tena kidogo."

"Basi kaa. Lete kata, nitabadilisha mimi."

"Magoti yako, mama. Acha, nitaweza."

Mama Shadlia hakubishana. Alivuta kigoda kwa mguu, akakaa taratibu kando yake, mahali ambapo aliweza kumwona uso, na Wasila akainuka kuteka maji.