Sauti Iliyobaki Kazini

Saa za kazi zilipoisha, mpokea simu wa kampuni ya maji alivua hedfoni, akazifuta kwa kitambaa, akazitundika kwenye msumari wake na kuchukua mkoba. Getini mlinzi alimwambia, "Haya dada, kesho." Akafungua mdomo ajibu, hakikutoka kitu. Alikuwa ameisahau sauti yake ndani ya hedfoni. Kupanda tena ngazi zile hakuweza, miguu ilikuwa imekwisha, akajiambia kesho si mbali.

Kesho yake aliikuta imeshaanza kazi. Ilikuwa inamtuliza mteja mmoja mkali kama pilipili, bila kukohoa, bila kuomba maji. Msimamizi alisikiliza, akaridhika. Akamweleza kwamba kilichosahauliwa ofisini ni mali ya ofisi, kama ulivyokuwa mwavuli wa mhasibu, na kwamba sauti ikishazoea kazi haihitaji mtu. Lakini kampuni haina roho mbaya, alisema. Ikampa kazi ya kufuta hedfoni.

Nyumbani walizoea upesi. Mumewe, fundi friji, alimwachia friji mbovu iliyosimama sebuleni, naye mke akawa anaandika kwenye mlango wake kwa kalamu na kufuta kwa kitambaa kilekile cha kazini. Mama mkwe alisema mkwe asiyejibu ni zawadi, wenzake wanaiomba miaka na hawapewi.

Kilichomuuma ni simu. Mumewe hakuwa mtu wa simu, jamani, hata mamake alimlalamikia. Sasa kila mchana karakana ikitulia, alipiga kampuni ya maji. Leo bomba linavuja, kesho mita imekwama, na bomba lenyewe zima kabisa. Mkewe alijua, kwa sababu alikuwa hapohapo na kitambaa chake, na sauti ya mumewe aliitambua hata kwa mbali, ndani ya sponji za hedfoni.

Wivu ukamkaba. Mke mwenza wa kawaida ana dawa yake: utamnunia, utamsema, utamshinda kwa mapishi. Huyu hana sura, hana pa kumshika, na kila alicho nacho amekichukua kwako. Jioni aliandika kwenye friji: UNAMPENDEA NINI?

Fundi alisoma, akakuna kidevu. Hakukana.

"Ana subira," alisema. "Ananiita mpendwa. Wewe ulikuwa ukirudi hapa huna hata salamu. Ulisema tu, 'Niache, nimeongea kutwa.' Utamu wote uliishia kule, mke wangu. Mimi nilikuwa nakula makombo."

Alitaka kumweleza mengi. Mlango wa friji ulikuwa mdogo. Akaandika: HATA MIMI.

Mchana uliofuata alikuwa anafuta hedfoni za meza ya jirani alipomsikia mumewe akiiambia sauti, "Pole na kazi." Tangu waoane hakuwahi kumwambia yeye hivyo. Sauti ikacheka, kile kicheko cha wakati wa uchumba, ambacho mwenyewe alidhani kilishakufa. Hapo aliichukia kabisa. Aliutazama waya, akautazama mkasi wa mhasibu. Lakini hedfoni zingenunuliwa nyingine, na kitambaa angepewa mtu mwingine. Akamaliza kufuta, akazitundika.

Siku ya mapumziko alichukua simu ya mumewe, akapiga.

"Karibu kampuni ya maji. Nikusaidie nini, mpendwa?"

Akafungua mdomo. Alikuwa na mengi: irudi nyumbani, imwachie mume wake, na kama kazi haiiachii, basi angalau iwe inakuja siku kama hii.

"Samahani, sikusikii," sauti ilisema kwa upole, kama yeye alivyofundishwa kusema. "Huenda umechoka. Pumzika kidogo, kisha utupigie tena."

Ikakata. Akapumzika kidogo, akapiga tena.

Mumewe alikuwa amekaa kando, mikono magotini, akisubiri.

"Ukimaliza," alisema, "nipe na mimi."