Ngege Asiyechuja Rangi

Mwaka 1974 nilipenda mpaka nikawa nasahau chumvi kwenye mboga. Aliyeniroga ni Fadhul wa Koboko. Mama yake, Mama Kulusum, fundi wa kufuma kawa za kufunikia chakula kwa ukindu wa rangi, aliapa mwanawe hataoa Mlugbara kama mimi, anayeshinda kwenye matope ya bwawa la samaki. Fadhul akasusa kula nyumbani, kwa siri akila kwa jirani, hadi mama akalegea: nimpelekee kitoweo cha mikono yangu, aone mimi ni mtu wa namna gani.

Basi, bwawani kwangu Ayivu kulikuwa na maajabu. Nilikuwa nimechanganya samaki wa ngege wa aina mbili, wote weusi, na kwenye watoto wao wakatokea wekundu kama pilipili iliyoiva! Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaniuliza kama mimi ni mzima. Nikamvua mwekundu aliyenona kuliko wote, nikamfunika kwa majani ya mgomba, nikadandia lori la mihogo hadi Koboko.

Mama Kulusum alifunua majani, akaruka.

"Ya salaam! Eyotaru, wewe iko napaka samaki rangi? Nataka danganya mimi, fundi ya rangi?"

Nikaapa, wapi! Akafanya lile analomfanyia kila anayemletea ukindu: huusugua, na rangi ikichuja, muuzaji ni mwongo, hakanyagi tena uani kwake. Akampaka ngege wangu majivu na ndimu, akasugua kwa kitambaa cheupe. Fadhul, mjinga yule, alichungulia juu ya ua wa mabua akitabasamu.

Kitambaa kikabaki cheupe.

"Hii rangi iko natoka wapi?" akauliza, sauti imeshuka.

"Kwa baba na mama yake. Wote mbili iko na nyekundu ndani, lakini nyeusi nafunika. Huyu hapana pata nyeusi kwa ngozi, sasa nyekundu naonekana. Hakuna mutu napaka, Mama."

Akamgeuza samaki huku na huku. Niliona wivu machoni mwake, maana rangi isiyochuja alikuwa ameitafuta maisha yake yote.

Kisha akanitazama mimi, akamtazama Fadhul.

"Na nyinyi mbili, watoto yenu natoka rangi gani?"

Furaha ilinipanda kichwani, adabu ikanitoka.

"Mimi hapana jua, Mama. Wacha sisi nazaa, tuone!"

Fadhul akaanguka na ua wake. Mama Kulusum alicheka mpaka machozi, akayafuta kwa kitambaa chenye ndimu, akalia zaidi, akanisukumia kisu.

"Toa magamba haraka, bibi harusi. Njaa iko nauma."