Zamu ya Roseline

Baada ya ibada ya Jumapili, Velma alitandika mkeka sebuleni akaketi na pakiti mpya ya karata mapajani. Alikuwa mwalimu wa chekechea hapo Kisauni, na alikuwa ameamua kwamba nyumba yake ipate mchezo mmoja wa kuchezwa na watu wote. Kazi ilikuwa kuuchagua. Mama Nyevu, mkwewe, macho yalikuwa yameingia ukungu na alichanganya kopa na uru. Lynnette, binti yake Velma, hakupenda kushindwa. Mumewe, Lewa, hakuwa na subira ya sheria nyingi.

"Tuanze na last kadi," Velma akasema. "Unatupa karata inayolingana na ile ya chini, kwa namba au kwa alama. Wa kwanza kumaliza ameshinda."

"Hiyo naiweza," mama Nyevu akasema.

Velma alikuwa bado anagawa karata, Kaingu alipoingia. Kaingu alikuwa kaka yake Lewa, fundi wa mawe, na alikuwa amefariki kwa homa ya ini miaka mitatu nyuma. Alivua viatu mlangoni kama alivyozoea. Vumbi la saruji lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Shikamoo, baba mkubwa," Lynnette akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Velma alimsogezea mto wa kukalia. Mama Nyevu alimuuliza kama amekula, naye akajibu kwamba ameshiba. Lewa hakuinua uso. Alikuwa akizitazama karata zake kama mtu asomaye kitu.

Kaingu aliiomba pakiti. Alijigawia, kisha akagawa fungu jingine, akaliweka kifudifudi mahali patupu kando yake.

"Hilo la nani, kaka?" Lewa akauliza, ingawa alijua.

"La Roseline."

Roseline alikuwa mjane wake, mtu wa bara, kutoka Makueni. Nyumba hii waliyokuwa wakichezea karata, Kaingu aliijenga pamoja naye, yeye akiinua mawe na mkewe akichanganya zege. Baada ya matanga, Lewa aliita wazee wa ukoo, wakakubaliana kwamba mwanamke asiye na mtoto hana nyumba kwa watu. Vitu vyake vilitolewa nje ya geti mvua ikinyesha. Velma ndiye aliyefagia chumba chake, na tangu siku ile ndimo alimokuwa akilala.

Mchezo ukaanza. Lewa akatupa, mama Nyevu akatupa, Lynnette akatupa, Velma na Kaingu wakatupa. Zamu ikafika kwenye lile fungu, ikasimama. Walingoja. Lewa akajaribu kuiruka, lakini karata haikutoka mkononi mwake. Aliivuta kwa mkono wa pili, nayo ikabaki pale pale.

"Si zamu yako," Kaingu akamwambia kwa upole.

"Mchezo wenyewe mgumu huu," Lewa akasema. "Mama Lynnette, tafuta mwingine. Ulio rahisi zaidi."

Velma akapanga karata kifudifudi ili wafunue jozi, mchezo ambao watoto wake wa chekechea huujua. Ilipofika zamu ya Roseline, karata zikagandamana na mkeka. Lewa akataka mchezo usio na zamu kabisa, ule ambao kila mtu hupiga mkono juu ya karata zinazofanana, wa haraka ndiye anayechukua. Zilipofanana, mikono yao yote ilibaki hewani, haishuki. Mama Nyevu alikuwa wa kwanza kuurudisha wake mapajani.

"Koma hadai," alisema. Alimaanisha wafu. "Akitaka kitu, hukaa tu."

Wakakaa. Jasho lilimtiririka Lewa shingoni. Dirishani, jua la jioni lilikuwa limefika juu ya tangi la maji la jirani, na halikushuka. Kivuli cha tangi hakikusogea. Kuku waliokuwa wameanza kurudi bandani walisimama uani.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jirani yao Jafar akabisha hodi, akasimama kizingitini bila kuingia, midomo imemkauka.

"Samahani, jirani. Mke wangu Mwanatatu amevipasha viazi vya karai mpaka vimechoka, na magharibi haijaingia. Naona jua limeegemea kwenu. Mmekwama wapi?"

"Kuna mtu tunamngoja," Velma akajibu.

"Basi mleteni, tafadhali. Wallahi, watu wana kiu. Kuna wazee, kuna wanawake wenye mimba."

Alipoondoka, Velma akainuka akachukua mtandio. Lewa naye akainuka, akasimama mlangoni.

"Ukimfungulia leo, kesho ataleta godoro."

"Namleta acheze."

"Velma."

Ilikuwa nadra kumwita kwa jina. Velma alimtazama Kaingu apate msaada, lakini Kaingu alikuwa akizipanga karata zake kwa alama, moja baada ya moja. Ni mama Nyevu aliyesema, "Mpishe, Lewa." Akampisha.

Velma alimpata Roseline Miritini, kando ya malori, akipika chapati. Madereva walikuwa wakinung'unika kwamba mchana umewazidi.

"Kaingu yuko kwetu," Velma akasema. "Anakungoja."

Roseline aligeuza chapati. "Amesema nini juu ya nyumba?"

"Hajasema kitu. Anataka ucheze."

Roseline alilizima jiko, akajifuta mikono kwa aproni, akaikunja aproni na kuiweka juu ya meza. Njia nzima hawakuzungumza.

Aliingia sebuleni akaketi kwenye nafasi yake bila kuonyeshwa.

"Umechelewa," Kaingu akasema.

"Kulikuwa na foleni Makupa."

Wakarudia last kadi. Roseline alicheza vizuri. Mikono yake ilitulia, lakini kila alipotupa karata alimtazama mumewe usoni.

"Waambie," alimwambia mwishowe kwa sauti ya chini. "Wewe watakusikia. Waambie nyumba hii ni ya nani."

Kaingu aliinua uso, na kwa muda ilionekana kama kinywa chake kitafunguka. Kisha akaangalia mkeka.

"Zamu yako, Roseline," akasema.

Roseline alikuwa amebaki na karata moja. Aliishika kwa muda mrefu. Nje mtoto wa mtu alikuwa akililia maji. Akaitupa.

Jua likazama papo hapo, na adhana ikasikika kutoka misikiti yote kwa pamoja. Kaingu hakuwapo tena kwenye mto. Mwanatatu alikuja na sahani ya kaimati, akampa Lewa, akamshukuru kwa ujirani mwema.

Roseline alibaki ameketi, kiganja chake kikiwa kimelala kwenye ukuta, kama mtu apimaye joto la mgonjwa.

"Giza limeingia, mwanangu," mama Nyevu akamwambia. "Usije ukakosa gari."

Jumapili iliyofuata Lewa alimpigia simu Roseline mapema, kabla ya kanisa, kumkumbusha asichelewe mchezo, jua lisije likasimama tena. Alimwomba aingilie mlango wa nyuma. Ule wa mbele alikuwa akiupaka rangi.