Zawadi ya Mkwe Katikati ya Shamba

Mihogo ya Odeta pale Sengerema haikuwa ya mchezo. Mmoja tu ulilisha msiba mzima, waombolezaji wakafungasha wa njiani, na shimo ulimotoka likafugiwa kambare. Kwa hiyo Winnie, binti wa kilimo kutoka mtaa wa Nyakato mjini, alipovuka na kivuko akiwa na droni begani kuja kulikagua shamba, Odeta alimhurumia.

"Utapiga picha za urembo tu, mwanangu."

Droni ikapanda, ikazunguka, ikatua. Winnie akamwonyesha simu: shamba lote kijani, katikati doa jekundu.

"Batobato hilo, mama, ugonjwa wa mihogo. Kompyuta imefundishwa kwa maelfu ya picha za majani, mazima na yenye magonjwa. Inalitambua hata likiwa changa. Mashina hayo tuyang'oe leo, la sivyo inzi weupe watalisambaza shamba zima."

Odeta akakaa juu ya tuta. Mihogo ya katikati ilikuwa zawadi ya Ngosha, baba mkwe wa binti yake. Mbegu alizileta kwa baiskeli siku ya mahari, na Odeta, kwa heshima, akazipanda pale ambapo kila mgeni angeziona. Kumng'olea mkwe zawadi yake ni kumtangazia ugomvi. Na kengele ya baiskeli ya Ngosha ilikuwa tayari inalia njiani.

Odeta akafikiria kuificha droni chini ya ungo. Kisha akaitazama mihogo yake mingine, akasimama.

"Karibu, mzazi mwenzangu. Zawadi yako inaumwa."

Ngosha akaikagua simu, akaikagua droni, akacheka. "Hili dude lina wivu. Lipeleke kwangu bondeni, tuone kama nako litathubutu."

Wakashuka wote watatu. Droni ikathubutu. Shamba la Ngosha likatoka jekundu kuanzia nyumbani hadi mtoni. Ukitaka kijani, labda mbuzi aliyevaa kamba ya kijani.

Ngosha akavua kofia. "Kumbe nilikuletea mahari yenye homa."

"Ng'ombe walikuwa wazima, mkwe."

Wakarudi kwa Odeta, wakawasha moto pembeni ya shamba. Shina la kwanza Ngosha aliling'oa mwenyewe, akaliburuta hadi kwenye moto.

"Mvua zikianza," Odeta akasema, "utachukua mbegu kwangu, zile atakazozikubali Winnie. Ila usizipande katikati."

"Nitazipanda uani, karibu na choo," Ngosha akajibu, "mpaka dude lizisalimie kwanza."