Pindo la Chuma

Mwatima binti Mkubwa hakuwahi kuota kwamba siku moja angelala chali chini ya trekta, kwenye tope la Hodge Hill, ugenini kwa Waingereza, akiwa na pini mdomoni. Lakini ndivyo ilivyokuwa mwaka ule wa sabini, majani yalipoanza kupukutika, na kama kuna wa kulaumiwa basi ni kisiki.

Kisiki chenyewe kilijificha ndani ya miiba. Mumewe, Khatib, alikuwa akifyeka kiwanja kilichotelekezwa huko, vichaka vitupu na miiba mirefu kuliko mtu, mahali palipokusudiwa kujengwa nyumba. Alikuwa na trekta kuukuu alilolinunua mnadani, na nyuma yake mashine ya kufyekea. Ukiwa juu ya kiti huoni chini kuna nini. Majani yamefunika visiki, nguzo za zege, hata vitanda vya chuma ambavyo watu wa mjini, hao hao wanaojisifu kwa ustaarabu, wamekuja kuvitupa wakati hakuna anayewatazama. Siku hiyo trekta lilipanda kisiki, ukasikika mshindo mmoja tu, na oili yote ikamwagika kwenye majani. Sampu ilikuwa imepasuka, lile bakuli la oili lililo tumboni mwa injini.

Sampu ile ilikuwa ya chuma cha kumimina, na chuma cha namna hiyo hakijui kupinda. Kikipigwa hupasuka kama chungu. Khatib hakuhitaji kuambiwa. Miaka yote tangu waondoke Unguja alikuwa akimimina chuma hicho hicho katika kiwanda kimoja cha kuyeyushia, ndani ya moshi na vumbi la mchanga, mpaka kifua chake kikaanza kupiga filimbi akilala. Daktari alimwambia bila kuzunguka: ukitaka kumwona binti yako akikua, toka humo. Akatoka, na trekta lile ndilo lililomtoa. Tangu aanze kufanya kazi penye upepo, Mwatima alikuwa akiamka asubuhi na kugundua kwamba amelala fofofo bila kumsikiliza mumewe akivuta pumzi. Kila alipogundua hivyo alisema alhamdulillahi kabla ya kufungua macho sawasawa.

Walipata sampu nyingine kwa wauza vyuma chakavu, na muuzaji akawaapia kwamba ya pili hakuna, labda waitafute peponi. Msimamizi wa kiwanja naye akasema maneno machache: Jumatatu kazi iendelee, na trekta likisimama tena, ataleta mtu mwingine.

"Ikipasuka tena ntarudi kule kule," Khatib alisema jioni ile, akiupuliza uji wake. "Watanipokea. Wananijua."

"Hurudi," Mwatima akasema.

"Haya, Mama Mize, nambie basi nifanye nini."

Mwatima, mwanamke aliyezoea kuwa na jibu hata kwa swali asiloulizwa, alimwongezea uji.

Kesho yake wakaenda Tyseley, mtaa wa mafundi magari, kutafuta bamba la chuma la kufunga chini ya trekta, kitu cha kupokea mapigo badala ya sampu. Walizunguka karakana baada ya karakana. Huyu hana, yule anacho lakini hakiuzi, yule mwingine anawatazama tu mpaka waondoke. Khatib alichoka akaegemea ukuta. Mwatima akasimama katikati ya ua mmoja uliojaa magari mabovu, akaanza kunung'unika kwa sauti, kama mtu anavyofanya mahali asipotarajia kueleweka.

"Machuma yote haya, jamani, na la kutusitiri sisi halimo?"

"Mama anatafuta chuma ya nini?" sauti ikauliza kutoka chini ya lori.

Mwatima alishtuka. Miguu ikatangulia kutoka, kisha tumbo, kisha Singasinga mrefu mwenye ndevu za mvi na kilemba cha buluu chenye alama ya grisi. Aliitwa Harbans Singh. Alizaliwa Kisumu, akawa fundi magari Kisumu, na huku alikuwa amekuja miaka miwili iliyopita. Kiswahili chake kilikuwa kile cha bara, kisichosumbuliwa na ngeli hata kidogo, na Mwatima, ambaye nyumbani angekicheka, alikisikiliza kama amemkuta ndugu yake kwenye kituo cha basi.

Khatib akaeleza shida yao. Harbans aliitikia kwa kichwa kabla hajamaliza.

"Hiyo kazi nimefanya sana, bwana. Miwani kule, karibu na Kisumu, wakati wanasafisha kichaka wapande miwa. Kila trekta tulikuwa tunavalisha ngao chini ya tumbo. Bila ngao, visiki inakula sampu kila wiki."

Alikuwa na bamba, limetoka kwenye lori lililovunjwa, unene wake kama sarafu tatu zilizopangwa pamoja, na mwenye karakana alishamruhusu kulitumia apendavyo. Lakini kufika Hodge Hill kabla ya Jumamosi hakuweza. "Nileteeni kipimo ya karatasi," alisema. "Tumbo yote vile iko, na matundu ya bolti. Mimi nitakata vile karatasi inasema."

"Na malipo, Bwana Harbans?" Khatib akauliza.

"Wacha malipo. Mkuje Jumapili moja, tukunywe chai, tuongee. Kisumu nilikuwa naongea Kiswahili kutwa nzima, mimi na Onyango na mafundi wengine kwa gereji. Hapa watoto yangu wanaongea English, majirani English. Usiku naota kwa Kiswahili, nikiamka hakuna mtu ya kuambia."

Mwatima akajifanya anatengeneza mtandio wake, kumbe anafuta macho.

Sasa, nani aende chini ya trekta kuchukua kipimo? Mvua ilikuwa imenyesha, ile mvua yao isiyonyesha ikaisha, na ardhi ilikuwa maji matupu. Khatib akaanza kuvua koti.

"Wewe ukilala hapo, utakohoa mpaka Iddi," Mwatima alisema. Alikuwa amevaa suruali ya mumewe chini ya gauni, ishara kwamba jambo hili alikuwa amelikatia shauri tangu nyumbani. Akatandika gunia, akajisukuma chini. Khatib akabaki nje amemfunika miguu kwa mwavuli, huku akitazama barabarani asije mtu akamwona mwanamume aliyemlaza mkewe topeni.

Mwatima alikuwa akishona blauzi nyumbani kwa ajili ya kiwanda kimoja cha nguo, na vitambaa vilimjia vimefungwa kwa karatasi ya kaki. Karatasi hizo ndizo alizozibandika tumboni mwa trekta. Alizipapasa kwa kiganja, akafuatisha kwa chaki pale chuma kilipoishia, akatoboa kwa pini penye matundu ya bolti. Trekta lina tumbo baya kuliko la binadamu, lakini yeye alishawapima watu wa kila umbo na hakutishika. Nyumbani akazitandaza sakafuni akakata. Mkasi wake ulipita nje ya mstari wa chaki, inchi moja pande zote, kama ulivyopita kwenye kila nguo tangu alipofundishwa na shangazi yake. Wala hakulifikiria. Ungemuuliza angekushangaa, maana nguo bila nafasi ya pindo ni nguo gani? Harbans naye hakuuliza. Kwa fundi wa mabamba, karatasi ikisema hapa, ni hapa.

Jumamosi mchana Harbans akaja na gari la mwajiri wake, bamba likiwa nyuma, limekatwa safi na limechongwa kingo. Wakalibeba wote watatu. Wakaliinua. Halikuingia. Wakaligeuza, wakalisukuma, Harbans akalipiga teke na kusema neno la Kipunjabi. Liligota kwenye fremu huku, likagota kule.

Khatib akaketi juu ya gurudumu la mbele. "Basi," alisema. Kisha alianza kukohoa, na Mwatima alipokisikia kile kikohozi akaona kiwanda kizima mbele yake, lango na moshi na mumewe akiingia humo ameinamisha kichwa.

Harbans akatoa futi yake akapima. Akapima upande wa pili, na wa tatu. "Inchi moja," alisema polepole. "Huku inchi moja. Huku pia inchi moja. Mama, mtu akikosea hapana kosea sawasawa hivi."

Hapo ndipo Mwatima alipoelewa. Alitamani lile tope limmeze.

"Ni nafasi ya pindo," alisema. "Nimeacha nafasi ya pindo. Nisamehe, Bwana Harbans. Mkono wangu haujui kukata bila kuacha."

Harbans alimtazama, akalitazama bamba, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye majani, akashika kilemba kisianguke. Hata Khatib alitabasamu bila kupenda. "Miaka yangu yote," Harbans alisema akijipangusa macho, "sijawahi kuvalisha trekta suruali. Haya, hakuna neno. Turudi Tyseley, niwashe gesi, nikate hiyo inchi."

"Ukate?" Lile neno lilimchoma Mwatima, aibu na yote. Hajaona fundi anayekata pindo akalitupa. "Mbona ukate? Pindo halikatwi, linakunjwa. Likunje kwa juu."

Harbans aliacha kucheka. Akachuchumaa kando ya bamba, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, akarudia tena.

"Unajua, mama," alisema, "kule Miwani tulikuwa tunachomelea chuma ingine kwa kingo, nene. Kwa sababu bamba ikiwa bapa, kisiki inashika ukingo, inafungua yote kama kopo ya samaki. Hiyo chuma nimetafuta hapa, nikakosa. Nikasema basi, tutaomba Mungu. Lakini ukingo ikikunjwa juu, kisiki itashika wapi? Itateleza tu." Akainuka. "Na bamba yenyewe itakaza, haitayumba. Inchi hiyo ndiyo nilikuwa nataka."

"Lakini kona ukate kipande," Mwatima akasema, sasa amepata sauti yake. "Usipokata, litajikusanya hapo likae vibaya."

"Nichoree."

Akamchorea kwa chaki, kona zote nne. Wakarudi Tyseley. Harbans alilaza bamba juu ya kipande cha reli, akalipasha ukingo kwa gesi mpaka ukawa mwekundu, na nyundo ikaanza kazi. Khatib alishika koleo. Mwatima alisimama mkao wa fundi mkuu, akisema hapa bado, hapa pamezidi, na wanaume wawili wazima wakamtii. Chuma kilikunjika taratibu, kwa ukaidi, lakini kilikunjika. Mwishoni Harbans akatoboa tundu la kumwagia oili chafu, na kabla jua halijatua ngao ilikuwa mahali pake, bolti zote zimekaza, hakuna pa kuingiza hata kijiti.

Mwatima alimshika Harbans mkono kwa mikono yake yote miwili, ule mkono mweusi wa grisi, na kusema, "Mungu akuweke. Akuwekee na wanao." Harbans akainamisha kichwa, akajibu, "Na wewe pia, mama," kwa sauti ndogo kuliko mwili wake.

Jumatatu Mwatima aliziacha blauzi zake zisubiri, akaenda kiwanjani na mumewe. Hakusema anaenda kwa nini. Alisimama pembeni, mikono ndani ya koti, akilitazama trekta likizama ndani ya miiba na kuibuka, likizama na kuibuka. Msimamizi alikuwa upande wa pili na kikombe chake cha chai. Asubuhi ikasogea. Mwatima akaanza kujiambia kwamba huenda visiki vimekwisha.

Ndipo mshindo ukasikika. Ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, kama Khatib mwenyewe alivyosimulia baadaye. Trekta likainuka mbele, likajikwaruza, likashuka. Injini ikazimwa. Mwatima aliuona mgongo wa mumewe ukishuka kutoka kwenye kiti na kupotea chini, kwenye tope, bila gunia, bila koti.

Akakimbia. Miiba ilimvuta gauni na hakuihisi. Alipofika, miguu ya Khatib ilikuwa nje na haikutikisika.

"Baba Mize," aliita. "Imepasuka?"

Akalala chini akajisukuma kando yake. Ilimchukua muda macho kuzoea giza. Ngao ilikuwa na mchubuko mpana unaong'aa, umeanzia mbele, umefuata mkunjo wa ukingo na kuteleza mpaka nyuma. Khatib alikuwa ameingiza vidole kupitia tundu la oili, anaipapasa sampu. Akavitoa, akamwonyesha. Vilikuwa vikavu.

Akaviweka vidole hivyo shavuni mwa mkewe. Alikuwa akilia, na alikuwa akivuta pumzi ndefu, safi, isiyo na filimbi.

"Sirudi kule, Mwatima," alisema. Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. "Sirudi tena kule. Ahsante."

Mwatima akaushika mkono ule, akaubana shavuni pake.

Miguu ya msimamizi ikaja ikasimama karibu na gurudumu. "Khatib! What's broken?"

"Nothing, sir," Khatib akasema kutoka chini. "Nothing broken." Kisha, kwa kuwa Kiingereza hakikumtosha, akageuka akamwambia mkewe, polepole, neno kwa neno: "Hakijavunjika kitu."